Vitu vya Kale vya Nyumbani: Mali au Amana?

Katika nyumba nyingi za nchi yetu, ziwe za udongo au za mawe, za mjini au za shamba, aghalabu hakikosekani kitu kimoja ambacho hakitumiki tena, wala hakitupwi. Pengine ni kigoda cha miguu mitatu kilichosogezwa ukutani. Pengine ni kinu kilichopasuka ukingoni, mkuki uliopoteza makali, jembe la chuma lililofuliwa na wahunzi wa zamani, kibuyu kilichoshonwa kwa uzi, chetezo cha udongo, sinia la shaba, au kasha lililopigwa misumari ya shaba. Mgeni akiuliza kitu hicho kina kazi gani, mwenye nyumba hujibu, "Hicho ni cha wazee." Jibu ni fupi, na kwa kawaida mgeni huridhika. Lakini tukiangalia vizuri tutaona kwamba mwenye nyumba hakujibu alichoulizwa. Ameulizwa kazi ya kitu, naye amewataja wenye kitu.

Yafaa tulitafakari jibu hilo, kwa kuwa ndani yake mna swali kubwa la maadili. Kitu kinapokosa kazi, busara ya kila siku hutuambia tukitupe au tukiuze. Mbona basi mkono husita? Je, kusita huko ni udhaifu wa moyo unaong'ang'ania yaliyopita, au ni sauti ya wajibu? Na kama ni wajibu, ni nani anayetudai: wafu ambao hawawezi kutudai tena, au watoto ambao hawajazaliwa? Kwa ufupi, kitu cha kale kilichomo nyumbani ni mali ya yule aliye nacho, akifanyie apendavyo, au ni amana aliyokabidhiwa?

Tuanze na hisia zenyewe, maana ndizo zinazotangulia hoja. Mtu akikalia kigoda cha babu yake, huona kwamba mti umebonyea katikati. Ubonyeo huo haukuchongwa wote na fundi. Umefanywa na miili ya watu waliokalia pale jioni baada ya jioni kwa miaka mingi. Ukiushika mchi wa zamani, viganja vyako huangukia mahali palipolainishwa na viganja vya wanawake waliotwanga kabla mama yako hajazaliwa. Hisia ya kwanza, basi, ni ya ukaribu. Leo vijana wetu wana picha nyingi mno ndani ya simu zao, na picha hizo ni hazina. Lakini picha hutuonyesha sura ya marehemu tu, ilhali kitu alichokitumia hutukutanisha na mkono wake.

Hisia ya pili ni ya kujiona wadogo. Kile kigoda kilikuwapo kabla yetu, na kikitunzwa kitakuwapo baada yetu. Tunajidhani kuwa sisi ndio wenye nyumba, kumbe tu wageni waliopishwa wakae kwa muda. Mtu mwenye kiburi haipendi hisia hiyo, lakini ina faida, kwa sababu humkumbusha kwamba dunia haikuanza siku aliyozaliwa yeye.

Hisia ya tatu, iliyo nzito kuliko hizo mbili, ni ya deni. Miongoni mwa Wanyamwezi, Wasukuma na makabila mengine ya bara, majembe ya chuma yalikuwa sehemu ya mahari. Jembe la namna hiyo likikutwa darini leo, si chombo cha kulimia tu. Laweza kuwa shahidi wa ndoa ambayo watu wote wa nyumba ile wametokana nayo. Kulitazama ni kukumbuka kwamba kuna watu walichimba mawe ya chuma, wakayayeyusha, wakafua, wakalima, wakaweka akiba, wakaoana, wakazaa, ndipo sisi tukapata kuwapo. Hatukuwalipa chochote. Deni lisiloweza kulipwa kwa aliyekopesha ndilo linaloutia mkono wetu uzito tunapotaka kukitupa kitu cha wazee.

Hapa yatupasa tueleze kisa kilichotupata sisi wenyewe tulipokuwa vijana, kwa kuwa ndicho kilichotuonyesha uzito wa swali hili. Katika nyumba tuliyolelewa, katika mji mmoja wa pwani, palikuwa na kasha la mti wa msaji, limepambwa kwa mabamba na misumari ya shaba iliyopangwa mfano wa maua. Makasha ya namna hiyo yaliletwa pwani kwetu kwa majahazi, wakati wa pepo za kaskazi, kutoka Bara Hindi na Ghuba ya Uajemi, na mengine yalitengenezwa na mafundi wa huku huku. Kasha hilo lilikuwa la bibi yetu. Ndani yake mlikuwa na kanga za zamani, kanzu moja, na vipande vya kafuri. Na kila lilipofunguliwa, harufu ya kafuri na udi ilijaa chumba kizima. Sisi hatukujua zaidi ya hayo. Bibi hakutusimulia, nasi hatukumwuliza.

Siku moja Bibi alisafiri kwenda matangani. Akaja mnunuzi aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba kutafuta vitu vya kale. Alilizunguka kasha, akaligonga kwa kidole, akataja bei. Bei hiyo kwetu sisi ilikuwa kubwa, nasi siku zile tulikuwa tukitamani sana redio. Tulizitoa nguo za Bibi, tukazifunga vizuri katika shuka, na kasha likapakiwa garini likaenda zake. Tulijipa moyo kwamba Bibi angefurahi kuisikia redio, na kwamba nguo zake zote zilikuwa salama.

Bibi aliporudi tulimwamkia, akaitikia. Akaingia chumbani, akakaa humo kitambo, kisha akatoka. Hakuuliza bei, wala hakulia. Alituuliza jambo moja tu: "Wajukuu zangu, mlimwambia lilikuwa la nani?" Tulinyamaza. Hatukumwambia mnunuzi lilikuwa la nani, kwa sababu hata sisi hatukujua.

Tumelifikiri swali lile kwa miaka mingi. Kama kasha lingalikuwa mali tu, swali la kwanza lingalikuwa, "Mmepata kiasi gani?" Mali hupimwa kwa bei, na bei ikiwa nzuri hapana la kulaumu. Bibi aliuliza swali la mtu aliyeweka amana. Katika mila zetu na katika dini zetu, amana ina masharti yanayojulikana. Aliyewekewa amana huitunza kama mali yake, lakini hawezi kuitumia kama mali yake. Akidaiwa, huirudisha kama alivyoipokea. Na akiipoteza kwa uzembe hulaumiwa, hata kama mwenyewe yuko mbali na hana habari. Si bure kwamba neno amana na neno uaminifu yana asili moja. Uaminifu wa mtu haujulikani anapotunza kilicho chake, bali anapotunza kilicho cha mwingine.

Huenda msomaji akapinga, aseme: amana hurudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe amekufa, basi itarudishwa kwa nani? Jibu letu ni kwamba amana ya wazee hairudishwi nyuma, hupelekwa mbele. Babu alipompa baba, hakumpa ili siku moja arudishiwe. Alimpa ili baba naye ampe mtoto. Deni tunalodaiwa na waliotangulia hulipwa kwa wanaofuata. Wala jambo hili si geni kwetu. Mtu akifa huku ameacha wosia, hatusemi kwamba wosia umekufa pamoja naye. Bali tunaona kuwa ni aibu kuuvunja, hasa kwa kuwa mwenyewe hawezi tena kujitetea.

Mwingine atasema: mimi sikuombwa ridhaa, nimezaliwa nikakikuta kitu hicho nyumbani, kwa nini nifungwe na ahadi nisiyoitoa? Hoja hii ina nguvu kidogo, lakini tuitazame kwa mfano wa lugha. Hakuna kati yetu aliyeombwa ridhaa kabla ya kufundishwa lugha ya mama yake. Tuliipokea bure, imekwisha kutengenezwa na watu wengi ambao majina yao hatuyajui. Hata hivyo hakuna mwenye akili anayesema kwamba, maadamu hakuinunua, basi ana haki ya kuiharibu. Vitu bora kuliko vyote tulivyo navyo, yaani uhai, jina, lugha na malezi, tulivipata kwa njia hiyo hiyo. Anayekataa kila urithi ambao hakuuomba atajikuta hana hata maneno ya kukatalia.

Tukikubali kwamba kitu cha kale ni amana, hatuna budi kuuliza ni kipi hasa tulichokabidhiwa. Je, ni ubao na shaba? La, hasha. Ubao na shaba ni nusu tu; nusu ya pili ni habari zake. Mfano mzuri ni mwana hiti wa Wazaramo, Wakwere na jirani zao. Ni sanamu ndogo ya mti, yenye kiwiliwili na kichwa kilichosukwa nywele, isiyo na mikono wala miguu. Mwali alipewa alipokuwa ndani, akamtunza kama mtunzavyo mtoto, na kwa njia hiyo akafundishwa mambo ya uzazi na wajibu wa mwanamke katika ukoo. Kisha mwana hiti alihifadhiwa, akamngojea mwali mwingine wa ukoo ule ule. Kwa hiyo sanamu na mafunzo vilikwenda pamoja, kama kitabu na maandishi yake. Leo mwana hiti hupatikana katika makumbusho na katika nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani. Mti ni ule ule. Lakini pasipo sauti ya kungwi, ni kitabu ambacho kurasa zake zimefutwa.

Habari za kitu zina nguvu kiasi gani? Jirani zetu Wamijikenda wa pwani ya Kenya wametupa funzo kubwa. Wao huwasimamishia wazee wao mashuhuri waliokufa nguzo za mti zilizochongwa, ziitwazo vigango. Nguzo hizo si pambo; ni mahali pa marehemu miongoni mwa walio hai, nazo huachwa pale pale mpaka zioze zenyewe. Mwaka 1985 mtafiti mmoja kutoka ng'ambo alimpiga picha mzee mmoja akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Haukupita muda mrefu, vigango vyote viwili vikaibwa. Miaka mingi baadaye viligunduliwa huko Marekani, kimoja katika Makumbusho ya Jimbo la Illinois, na kingine katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Kufikia mwaka 2007 vyote vilikuwa vimekwisha kurudishwa Kenya. Vilirudi kwa sababu kulikuwa na picha, na kulikuwa na watu waliojua kwa majina ni nani waliosimamishiwa nguzo zile. Waliweza kulijibu swali la Bibi yetu: walijua vilikuwa vya nani. Vigango vingine vingi vilivyochukuliwa havina picha wala mtu wa kuvitaja, na njia yao ya kurudi nyumbani ni ngumu sana.

Tunapolinganisha jambo hilo na kasha letu, tunaona kwamba kosa letu halikuanza siku aliyokuja mnunuzi. Kasha lilikuwa limekwisha kupotea kabla hajabisha hodi, kwa maana nusu yake iliyo kubwa haikuwa imetufikia. Tuliuza ubao, kwa sababu ubao tu ndio tuliokuwa nao. Kosa hilo lina pande mbili. Vijana hawaulizi, na wazee hawasimulii. Upande wa vijana ni rahisi kuueleza: ni uvivu na kudharau mambo ya zamani. Upande wa wazee ni mgumu zaidi, nasi tuliujua pale tu Bibi alipotuita, siku chache baada ya tukio lile, akatuketisha, akatusimulia.

Kasha lilikuwa la bibi yake yeye. Bibi huyo alitekwa angali mtoto katika nchi za Ziwa Nyasa, akatembezwa kwa miguu hadi pwani, akavushwa kwenda Unguja. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilikuwa imepigwa marufuku na Zanzibar mwaka 1873, lakini watu waliendelea kuvushwa kwa siri. Na hali yenyewe ya utumwa haikuondolewa katika sheria za Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897, na katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Baada ya amri ya mwaka 1897 alikwenda kudai uhuru wake, akaupata. Akachuma karafuu kwa ujira, na usiku akasuka mikeka. Kwa miaka kadhaa aliweka senti zake, akanunua kasha lile kwa malipo ya kidogo kidogo, kisha akavuka nalo kuja bara. Bibi alisema kwamba mwenyewe alikuwa na desturi ya kulipapasa kasha lake na kueleza kuwa hicho ndicho kitu cha kwanza duniani kilichopata kuwa chake.

Tulimwuliza Bibi kwa nini hakutuambia mapema. Alijibu kwamba alichelea tusije tukatukanwa na wenzetu. Kwa muda wa vizazi vitatu aibu hiyo ilikuwa imefungiwa ndani ya kasha pamoja na kanga na kafuri. Nasi tukaona uchungu wa jambo tulilolitenda: mtu aliyewahi kuhesabiwa kuwa mali ya wengine ndiye aliyetuachia amana, nasi tukaigeuza mali. Redio ile ilikufa kabla ya miaka mitano.

Kwa hiyo tusidhani kwamba vitu vya kale huamsha hisia tamu peke yake. Milango iliyochongwa ya Unguja, Bagamoyo na Lamu ni fahari ya mafundi wetu, na fahari hiyo ni ya haki. Lakini utajiri ulioilipia mingi kati ya milango hiyo ulitokana na biashara ambayo ndani yake pembe za ndovu zilibebwa mabegani mwa watu kutoka Ujiji na Tabora hadi baharini, na watu wenyewe wakauzwa. Wako wazee waliohifadhi kipande cha kazi cha wakati wa ukoloni, karatasi iliyochakaa yenye hesabu ya siku walizofanya kazi katika mashamba ya mkonge. Uzuri wa mkono wa fundi ni kweli, na jasho la mpagazi ni kweli pia. Anayetaka kuirithi fahari peke yake na kuyaacha machungu amerithi nusu, tena nusu inayodanganya. Na aibu, ikiwa ipo, si ya aliyetekwa. Ni ya aliyemteka, aliyemwuza na aliyemnunua. Wazee wetu wakilijua hilo, watasimulia bila kuinamisha uso.

Sasa tuje kwenye swali gumu kuliko yote. Je, ni kosa siku zote kuuza kitu cha wazee? Tuseme mtoto ni mgonjwa, hospitali yataka fedha, na nyumbani hamna kitu chenye thamani ila kile kitu cha kale. Sisi tunasema wazi: na kiuzwe. Utu ni bora kuliko kitu. Wazee waliotuachia vitu walituachia kwa kuwa walitupenda, na hakuna mzee mwema ambaye angependelea kigoda chake kuliko uhai wa kitukuu chake. Asiye na njaa asimhukumu mwenye njaa. Lakini lazima tutofautishe haja na tamaa. Sisi hatukuwa na haja. Tulikuwa na tamaa ya redio. Na hata penye haja ya kweli, amana haikomi pale. Anayelazimika kuuza na awaulize kwanza jamaa zake, maana kitu cha ukoo si cha mtu mmoja. Na aandike habari zake kabla hakijatoka mlangoni. Na ikiwezekana kipelekwe mahali ambapo watoto wa nchi hii wataweza kukiona.

Hapo ndipo wajibu wa nyumba unapokutana na wajibu wa taifa. Mwezi Desemba 1962, alipoanza kazi ya Urais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisisitiza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Jumba la makumbusho la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George V wa Uingereza, likaja kuwa Makumbusho ya Taifa. Serikali ikatunga Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ikairekebisha mwaka 1979. Kwa upande wa Tanzania Bara, sheria hiyo inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, hata milango ya kuchongwa iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1940, wala haviwezi kutolewa nchini bila kibali. Ni jambo jema. Lakini sheria haiwezi kuingia katika kila chumba na kukaa kando ya kila kasha. Mlinzi wa kwanza wa urithi wa taifa ni mtoto wa nyumba anayejua kitu hiki ni cha nani. Asipojua yeye, polisi wa mpakani atajuaje?

Hata hivyo twapenda kutoa tahadhari mbili. Kwanza, kukitunza kitu cha kale si sawa na kuirudisha kila desturi iliyokwenda nacho. Twaweza kuuhifadhi mkuki bila kuurudisha uadui wa makabila, na kuihifadhi minyororo ili utumwa usirudi kamwe. Pili, kitu kisigeuzwe kuwa cha kujionyesha. Siku hizi wako watu wenye uwezo wanaonunua vigoda na milango ya kale ili kupamba sebule, na ukiwauliza vilikotoka hawajui. Nyumba yao imejaa vitu vya wazee, lakini wazee wenyewe hawamo. Kuna heshima zaidi kwa maskini anayekikalia kigoda kimoja cha babu yake na kumtaja babu kwa jina. Kigoda hakikuchongwa ili kitazamwe tu. Kikiwa bado kina nguvu, mgeni apewe akalie, kisha asimuliwe.

Tungependa basi kuwashauri walimu na wanafunzi watakaoisoma insha hii. Kazi ya kuhifadhi haihitaji fedha nyingi. Kila mwanafunzi, aendapo nyumbani wakati wa likizo, na akitafute kitu kimoja cha kale, akae karibu na mzee anayekijua, amwulize maswali manne: Nani alikitengeneza? Nani alikitumia, na kwa kazi gani? Kilifikaje hapa nyumbani? Kina habari gani ambayo hamjapata kutuambia? Majibu ayaandike katika daftari, pamoja na tarehe na jina la mzee, na akiweza akipige picha kitu hicho pamoja na mzee mwenyewe. Mwalimu naye asimsahihishe mwanafunzi kwa kutazama wingi wa maneno, bali kwa kuangalia kama alisikiliza. Swali la nne liulizwe kwa adabu na kwa uvumilivu, kwa kuwa jibu lake laweza kuwa limefichwa kwa miaka mia moja. Mzee akinyamaza, asilazimishwe. Aendewe tena siku nyingine.

Sisi tulichelewa. Kasha la Bibi hatukulipata tena, wala hatujui liko katika nchi gani. Huenda limewekwa katika chumba kizuri, na mgeni akiuliza lilikuwa la nani, mwenye chumba hana la kujibu. Lakini usiku ule Bibi aliposimulia, mmoja wetu alichukua daftari lake la shule akaandika jina la mwanamke yule, nchi aliyotekwa, mashamba aliyochuma karafuu, na mikeka aliyoisuka. Bibi naye amekwisha tutoka. Ukurasa ule bado tunao, na kila mtoto wa nyumba yetu anapofikia umri wa kusoma huusoma kwa sauti mbele ya wakubwa. Tumepoteza ubao na shaba. Sehemu iliyobaki ya amana hatutaiuza, nayo imekwisha kuanza kupelekwa mbele.